Bibi Harusi wa Bwawani

Leso ilimponyoka Nafuna ikaingia chini ya mashua. Aliinama kuiokota, akainua macho, na pale alipotarajia kuona mbao akaona mbingu. Mstari mwembamba wa mwanga ulipita kati ya ubao na ubao, kuanzia ubavuni hadi karibu na tezi, nyuma kabisa. Akaingiza ukucha. Lami aliyoipaka mumewe kuziba maungio ikabomoka, ikamwangukia usoni.

Mashua yenyewe ilikuwa imelala juu ya magogo, kando ya bwawa la shamba moja la kahawa huko Ruiru, tayari kusukumwa majini. Ilikuwa ndefu, nyembamba, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Omondi, mume wa Nafuna, aliiunda kwa mikono yake Makongeni, Thika, ili vijana waliozaliwa na watu wa ziwa waonje mashindano ambayo baba zao waliyaacha nyumbani walipofuata kazi za viwanda. Na katika hao vijana wa kupiga kafi, wa mbele kabisa alikuwa Okumu, mtoto wao wa pekee. Okumu alijua kucheza mpira, alijua kuendesha mkokoteni, alijua kusema na wasichana. Kuogelea hakujua. Angejifunzia wapi, kwenye karai?

Nafuna aliogopa, tena si kwa mchezo. Alishika gogo.

Kosa alilijua mara moja. Kwa ukoo wa Omondi mashua mpya ni bibi harusi. Haionjeshwi maji hata tone mpaka siku yake, mpaka mwanamke wa nyumba ya fundi aifunge leso puani, kwenye ncha yake ya mbele, na kuimwagia maji ya unga wa wimbi. Kule ziwani mila hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu fundi humaliza leo na bibi harusi akaingia majini kesho, mbao zikiwa bado na utomvu. Lakini wenye shamba walioandaa mashindano waliyaahirisha mara ya kwanza, wakayaahirisha tena, na bibi harusi akakaa chini ya mabati ya Makongeni kiangazi kizima, akikauka na kunyauka. Hakuna aliyethubutu kumlowesha. Ndegwa na wenzake wa Theta, wapinzani wao wa siku hiyo, ambao hata kafi walifundishwa kushika na Omondi huyohuyo, hawakuwa na mila yoyote ya mashua. Boti yao walikuwa wameifunga kwenye mti bwawani tangu waipate, ikielea tu kama bata.

"Baba Okumu, kuja uone," Nafuna aliita.

"Nione nini, na watu wanangoja?"

"Mbao zimeachana. Hapa ukucha unaingia."

Omondi hakuinama. Hilo ndilo lililomtisha Nafuna kuliko ule ufa wenyewe. Fundi anayekagua hata miguu ya viti vya wenyewe akienda kutembea, leo hakuinama.

"Ikinywa maji itavimba, itajifunga," alisema. "Hiyo ni kazi yangu. Wewe fanya yako."

"Tungeilowesha tangu wiki jana."

"Tulowesheje bibi harusi kabla ya harusi?" Alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Ruiru yote iko hapa, Nafuna. Unataka niwaambie nini?"

Na kweli Ruiru yote ilikuwepo. Walijaa ukingoni mpaka kwenye mistari ya mibuni, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akiwaeleza mambo asiyoyajua. Nafuna alimfuata Okumu, akamshika mkono.

"Usipande hii kitu."

"Ah, matha, wacha basi. Tuko fiti." Akacheka, akamkumbatia bega mbele ya wenzake, akarudi kwenye kafi lake.

Nafuna alifunga leso. Alimwaga maji ya unga wa wimbi, na nusu yake ikammwagikia miguuni. Vijana waliposukuma mashua na ncha yake ikagusa bwawa, Nafuna alikunja sketi, akapanda, akaketi katikati.

Kelele zikakatika. Mwanamke haingii kwenye mashua ya mashindano, hilo hata wale vijana wa Thika walilijua.

"Shuka," Omondi alinong'ona.

"Nizungushe kwanza. Mimi na wewe tu. Ikirudi kavu, chukua mtoto wangu."

Omondi alitazama umati, uso umemwiva kwa aibu. Kisha akafanya jambo ambalo Nafuna hangemsamehe kwa miaka mingi. Aligeuka kwa yule mwenye kipaza sauti, akatabasamu, akasema hivyo ndivyo mila inavyotaka: bibi harusi hutembezwa kwanza na wazazi. Kipaza sauti kikarudia kwa mbwembwe. Watu wakapiga makofi. Omondi akapanda nyuma na kupiga kafi.

Maji hayakungoja. Yaliingia kimyakimya kwenye maungio, yakafika vifundoni, yakafika kwenye mashavu ya miguu. Nafuna alihisi baridi inampanda, akageuka kusema "Rudi," lakini Omondi alikwisha kuona na alikuwa akipiga kafi kwa nguvu zake zote kuelekea ukuta wa bwawa, uliokuwa karibu. Mashua ikainama upande mmoja, ikajaa, ikawamwaga. Nafuna alikunywa maji. Mkono ukamkamata shingoni na kumvuta juu. Alikuwa Omondi, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine umeshika ubavu wa mashua iliyojaa.

Umati ulishangilia. Ngoma zikapamba moto. Kumbe mila ya watu hawa ni tamu hivi!

Ndipo Nafuna akamwona Okumu ukutani, akivua shati.

"Usiingie!" alipiga kelele. "Okumu, usiingie!"

Aliingia. Aliruka kwa miguu, kama mtu anayeruka mtaro, akazama, akaibuka mbali kidogo na alipotarajia. Akainua mkono. Na watu waliokuwa ukutani, wakiwa wamefurahi, wakampungia na wao.

"Niache, mfuate!" Nafuna alimwambia Omondi.

"Nikikuachia utazama."

"Niache!"

Hakumwacha. Mkono wa Okumu uliibuka tena, chini zaidi ya mwanzo. Nafuna alilia kwa lugha ya mama yake, na umati ukaitikia kwa vigelegele, ukidhani ni wimbo. Alilia kwa Kiswahili, ngoma zikammeza. Akavuta pumzi pamoja na maji, akatoa ukelele ambao miaka yote ya kuuza samaki wa omena katikati ya wanawake wa Thika ilikuwa imemfunza, ule unaotoka nyumba ikiungua au mtoto akianguka kisimani.

"Uuuui! Uuuui! Nĩarakua!"

Anakufa, kwa lugha ya wenyeji. Ngoma zilikoma kama zimekatwa kwa panga. Hakuna mtu wa Ruiru asiyejua kwamba ukelele huo hauimbwi.

Boti ya Theta ilikuwa ikingoja kwenye mstari wa kuanzia. Ndegwa aliigeuza, wakapiga kafi bila mpangilio, wakigongana, mpaka pale mkono ulipopotelea. Ndegwa alijitupa. Alikaa chini ya maji muda ambao Nafuna hakupumua. Kisha akatokea akiwa ameshika nywele.

Walimlaza Okumu kwenye nyasi, wakamgeuza, wakamkandamiza mgongo mpaka maji yakamtoka. Omondi, aliyekuwa amemkokota Nafuna mpaka ukingoni, alisimama kando, maji yakimchuruzika, hakuna aliyemsemesha. Nafuna alifika kwa magoti. Alitaka kumpiga mwanawe, akajikuta amempakata kichwa kama alivyokuwa akimpakata utotoni.

Okumu alifungua macho mekundu, akamtafuta, akampata.

"Matha," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "si wewe hujui kuogelea."

"Na wewe je?"

Alifikiri kidogo, kana kwamba ndiyo kwanza anaulizwa.

"Mimi pia sijui," akasema, na hapo ndipo meno yalipoanza kumgongana, na ya mama yake pia.