Utepe wa Meya

Utepe ulikuwa mwekundu, mpana kama kiganja, na ulifungwa mlangoni tangu saa mbili asubuhi. Meya alisema angefika saa tatu. Sasa ilikuwa inakwenda saa tano, na mama wa sokoni waliyemwita kwa heshima Aling Choleng alisimama mbele ya utepe ule akiukazia macho kana kwamba ndio uliomtukania mama yake.

Jengo lilikuwa la akina mama wa mtaa wa Bakawan. Walilijenga miaka mitatu, wakibeba mchanga kwa ndoo jioni baada ya kutwa nzima ya kupaa samaki sokoni. Lilikuwa na chumba cha watoto kusomea, chumba cha akina mama kuandikiwa barua zao za serikali na kusuluhishwa na waume zao, na kijichumba cha tiba. Meya yeye alitoa rangi. Rangi tu, tena ya kijani ya chama chake, pamoja na bango la uso wake, ambalo Kapitan Isko, mkuu wa mtaa, alilitundika juu ya jina la kituo hata isionekane herufi moja.

Watoto walikuwa wamepangwa juani kwa ajili ya ngoma, wamevaa sketi za karatasi za rangi. Jasho lilikuwa limeziloanisha, rangi ikawatiririka miguuni. Ndani ya uzio, meza ilijaa tambi na nguruwe wa kuchoma, vyote vimefunikwa plastiki, maana nani angethubutu kugusa chakula kabla mgeni rasmi hajafika? Hata nzi walionekana kuwa na uhuru zaidi.

Lakini si njaa iliyomkera Aling Choleng. Kilichomkera ni lile sanduku la buluu miguuni pa nesi Araceli. Humo mlikuwa na chanjo za surua, na surua ilikwisha ingia safu ya nyumba za kando ya mfereji. Nesi alipaswa kuondoka saa sita kamili kwenda mtaa mwingine, na kurudi kwake Bakawan ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Dada nesi, si uwachome hapa hapa nje?" Aling Choleng alimuuliza kwa mara ya nne.

"Nimekwambia, Aling. Kapitan amekataa. Mtoto wa kwanza lazima abebwe na Meya, wapigwe picha." Nesi aliteremsha sauti. "Na mimi ni kibarua tu. Mkataba wangu anausaini Meya."

Aling Choleng akamfuata Kapitan Isko, aliyekuwa ameshika kipaza sauti kana kwamba amezaliwa nacho.

"Meya yuko wapi?"

"Yuko njiani, yuko njiani."

"Njia gani hiyo, Isko? Anakuja kwa magoti?"

Akina mama wakaangua kicheko. Kapitan akanuna. "Aling Choleng, usinitie aibu leo. Umengoja miaka mitatu, saa moja itakuua?"

"Mimi haitaniua. Hao watoto je?"

"Acha kisirani, mama. Mgeni rasmi ni mgeni rasmi. Sisi si watu wasio na adabu."

Na hapo ndipo Kapitan alipompata, kwa sababu adabu ndilo neno lililokuwa limewafunga wote pale, naye Aling Choleng akiwamo. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu akila, akikaa au akiingia mahali kabla ya mkubwa. Akarudi alipokuwa amesimama. Akajikaza.

Saa tano ilipogonga, Marivic, aliyefanya kazi ya udobi ng'ambo ya mto, alimjia na binti yake Mutya mgongoni. Mutya alikuwa na miaka minne, mdomo haujui kutulia, na alikuwa akiimba wimbo wa ngoma ambayo hakupewa nafasi ya kuicheza.

"Aling, mimi siwezi tena. Bosi wangu ananisubiri na mashuka. Nikichelewa leo ananifukuza."

"Ngoja kidogo, binti yangu. Kidogo tu."

"Ulisema hivyo saa tatu."

Marivic akaenda zake, na Mutya mgongoni akampungia mkono Aling Choleng, bibi yake wa hiari, bado akiimba.

Robo saa baadaye mtoto mmoja wa ngoma alianguka juani kama gunia. Wakamwagia maji. Kapitan akatangaza kwa kipaza sauti kwamba wasiwe na wasiwasi, Meya amekwisha vuka daraja. Damu ikamchemka Aling Choleng mpaka masikio yakaziba. Alitia mkono katika mfuko wa aproni yake ya sokoni, akatoa mkasi wake wa kupasulia samaki, bado una magamba, akaukata utepe katikati.

"Ingieni!" alipiga kelele. "Wote! Na hizo plastiki zivuliwe!"

"Aling Choleng, umekosa akili!"

"Nilikosa akili tangu saa tatu, Isko. Sasa hivi ndiyo imerudi. Dada nesi, mwambie Meya mkataba wako nimeuchana mimi. Choma watoto!"

Nesi Araceli alimtazama Kapitan, akatazama sanduku, akaingia. Alichoma sindano kwa mbio, na saa sita ilipofika alikuwa amemaliza orodha yote isipokuwa jina moja. Aling Choleng alikwisha mtuma mtu avuke mto kumtafuta Mutya. Duka la dobi lilikuwa limefungwa, na Marivic alikuwa amepelekwa na bosi wake kwenye hoteli asiyoijua mtu. Nesi alifunga sanduku, akaondoka na dozi moja.

Meya alifika saa saba, meno nje. Kapitan alikuwa ameufunga tena utepe kwa fundo kubwa.

"Watoto watoke kidogo, halafu waingie tena," mpiga picha alisema.

Aling Choleng alisimama mlangoni, nyuma yake watoto wenye pamba mikononi na mafuta ya nguruwe midomoni. "Hatoki mtu. Kata utepe wako, Meya. Tambi zipo, zimepoa."

Meya alicheka, akakata, akapigwa picha, akaondoka.

Surua iliingia nyumbani kwa Marivic siku tano kabla nesi hajarudi. Mutya hakufa. Surua ilimwingia masikioni ikakaa.

Sasa huja kituoni kila siku, hukaa karibu na dirisha, haimbi. Watu humsifu Aling Choleng kwa kile alichofanya siku ile, na kila anayemsifu hukatwa jicho. Meya anamchukia, ndiyo, na Kapitan hataki hata kumwona. Lakini wale wawili hawakuwa na mkasi mfukoni tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa nao yeye.

"Mutya," humwita, kila asubuhi, kutoka mlangoni. Kisha huvuka chumba kizima na kumgusa bega.