Vijiti Vyekundu vya Mtoni

Asubuhi hiyo Wakonyo alikuwa amelala kwa tumbo kwenye mchanga wa mtoni, chini ya shamba la nduma, majimbi ya nyanya yake, Cucu, huko Murera, akisukuma unyasi polepole ndani ya shimo dogo, kama la kutobolewa na kalamu. Akangoja. Unyasi ukatingishika. Akavuta, na huko chini kitu nacho kikavuta.

"Nimekushika," akanong'ona.

Shimoni alikuwa mtoto wa tiger beetle, yule mdudu wa mbio ambaye Mwalimu Mutiso, wa biolojia kule shuleni Thika, aliwaonyesha kwa simu. Akikomaa hukimbia mpaka macho yanashindwa kuona, lazima asimame kidogo ndio ajue anaenda wapi. Lakini akiwa mtoto hakimbii. Anakaa kwa shimo, kichwa kimeziba mlango, akingoja siafu apite amnyakue. Wakonyo, ambaye darasani hajibu swali hata akilijua, aliona huyo mdudu wangeelewana.

Ili asipoteze mashimo, kila moja aliliwekea kijiti cha ufagio, juu akafunga kipande chekundu cha neti ya vitunguu. Kilichombakia ni picha ya mdudu aliyekomaa. Mwalimu alitaka mgongo, zile alama nyeupe za mabawa, ndio aseme ni aina gani. Shida ni kwamba kila akimkaribia, mdudu aliruka mbele kidogo, akatua, akageuka kumwangalia kama anamuuliza, bado unakuja?

Alipopanda nyumbani na njaa yake, alikuta moto umewaka.

Mama Ndinda, jirani, alikuwa amekaa kwa stuli ya Cucu, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu. Mlangoni alisimama Anko Zacharia, kijana wa Cucu, fundi wa mageti kule Ruiru. Alikuwa amekuja jana kusalimia.

"Nilikuwa nakata nyasi ya ng'ombe huko kwako," Mama Ndinda alisema, "kidogo nivunjike! Nimejikwaa kwa peg ya mpaka. Nyekundu! Mama Zacharia, hiyo shamba imepimwa."

Cucu hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

"Zacharia. Si juzi kwa simu uliniuliza title ya shamba iko wapi?"

"Mum, niliuliza tu. Isipotee."

"Na yule broker wa mashamba ulimleta hapa akakunywa chai yangu, yeye pia alikuwa amepotea?"

"Mimi nauza mageti, Mum. Siuzi shamba."

"Geti ni ya kufungia nini, kama shamba umeuza?"

Mama Ndinda akacheka, akakumbuka kidole, akanyamaza.

"Nilisema nikiwa hai hicho kipande hakiuzwi," Cucu akaendelea. "Hizo nduma ndizo zilikusomesha, na ndizo nakula mpaka leo. Kama ni wewe, beba mkoba wako. Na Krismasi usiniletee sukari."

Peg nyekundu, Wakonyo akawaza. Ni zake! Anko anafukuzwa kwa sababu ya mashimo ya wadudu.

"Cucu." Hakuna aliyemsikia. "Cucu, ni mimi niliweka. Ni za wadudu."

Wote wakageuka.

"Za nini?"

"Wadudu. Naweka alama nisisahau mahali wanaishi."

Halafu Anko Zacharia akapasuka kicheko, kikubwa kuliko hicho kitu kilivyochekesha. "Si niliwaambia! Ngai! Kumbe ni landlady wa wadudu, amewakatia plot!" Akamkumbatia Wakonyo, yeye ambaye salamu yake huwa "umekua" na basi. "Leo nakutumia bundles za intaneti, wewe. Mpaka uchoke."

Cucu naye alicheka, lakini aibu ilikuwa imemshika. Kwao ukimsingizia mtu, pole ya mdomo peke yake haitoshi, lazima mkono utoe kitu. Akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa nailoni.

"Ndio ujue nakuamini. Hii title uende uniwekee benki Jumatatu. Hapa panya watakula."

Anko aliipokea kwa mikono miwili. Kucha zake zilikuwa na ile red oxide ya rangi ya kutu anayopaka mageti kabla ya rangi yenyewe. Nduma aliyopakuliwa hakumaliza. Alisema kuna kazi inamngoja Ruiru, akaondoka.

Jua lilipokuwa kali, saa ambayo wale wadudu hupenda, Wakonyo alirudi mtoni. Bundles zilikuwa zimeingia. Alijiona mkubwa kidogo. Sauti yake ilikuwa imemaliza vita.

Mdudu alikimbia, akasimama. Akaruka, akatua. Wakonyo akamfuata kwa magoti mpaka pembeni, mahali Mama Ndinda alikuwa amekata nyasi. Hapo mdudu akageuka kumwangalia. Wakonyo akapiga picha.

Ilitoka safi, alama nyeupe zote. Na kando ya mdudu, chuma.

Kilikuwa kipande cha nondo, kimegongwa mpaka kikabaki kichwa tu, na kichwa kimepakwa rangi ya kutu. Kwenye jani la karibu kulikuwa na tone la damu iliyokauka. Mbele kulikuwa na kingine, karibu na nduma. Na kingine mtoni kabisa, kimepita mashimo yake yote.

Wakonyo akang'oa kijiti chake kimoja cha ufagio, akakikunja kati ya vidole. Kilivunjika bila sauti. Kwa kijiti hiki hata kuku hawezi kujikwaa. Na wote walikuwa wamekiona kile kidole.

Picha aliyokuwa ampelekee Mwalimu akamtumia Anko kwa WhatsApp. "Anko, hii si yangu. Ni ya nani?"

Tiki zikawa bluu, ameiona. Simu ikaandika typing. Ikaacha. Ikaandika tena, ikaacha.

"Wakonyo!" Cucu aliita kutoka juu. "Muulize Zacharia kama amefika salama!"

Wakonyo akaandika, "Rudisha title ya Cucu," akatuma kabla hajaogopa.

Tiki moja tu: haijamfikia, kama mtu aliyezima simu. Akapanda kuvuka shamba simu ikiwa mkononi, akapita nduma, akafika mlangoni pa jikoni ambapo Cucu alikuwa anapepeta maharagwe.

"Amesema nini?"

Wakonyo aliangalia simu. Tiki ilikuwa bado ni moja.