Joto la Chumba cha Nyuma

Jumatatu asubuhi Hafidha alipanda juu ya kigoda, bisibisi mdomoni, akafunga kidhibiti joto cha kwanza kwenye ukuta wa sebule, palepale alipong'oa kile cha zamani kilichokufa. Vingine viwili vilikuwa mezani ndani ya maboksi yao. Baridi ya Januari ya Guangzhou si kali kwa kipimo, lakini ina unyevu wa kuingia mifupani, na nyumba nyingi za mji huo hazina cha kuizuia. Yao ilikuwa nacho. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kaskazini, na alipojenga alitandaza mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu, vyumba vyote vitatu, kama kwao.

Mfanyabiashara hanunui kitu bila sampuli, na Hafidha alikuwa kwenye biashara mwaka wa kumi na moja. Mteja wake Muthoni, aliyejenga nyumba za kupangisha kwenye baridi ya Limuru, alitaka vidhibiti mia mbili vya kuendeshwa kwa simu kupitia intaneti. Basi Hafidha alikwenda kwa laoban, bosi mmoja mwenye kiwanda, aliyejuana naye kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, akatoka na aina tatu. Kila aina angeishi nayo wiki moja. Itakayomridhisha ingebaki ukutani kwake, na mia mbili za namna hiyo zingepanda meli.

Cha kwanza kilikuja na vitufe vyeupe vya kupimia joto, kimoja kwa kila chumba. Alivibandika, akaweka nyuzi ishirini na nne kwenye simu, akasubiri. Adhuhuri sebule ilisoma ishirini na nne. Chumba chake na mumewe, ishirini na nne. Chumba cha nyuma, alimolala mpishi wao Muzdalifa, kilisoma nne chini ya sifuri.

"Kinachokwenda kwenye intaneti kinakwenda na maneno ya nyumba," alisema Marijani, mumewe, wakala wa mizigo asiyeamini kitu chenye waya. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hafidha naye hakukiamini. Alimshuku laoban kwamba kampa kibovu. Kisha akamshuku Muzdalifa kwamba analala dirisha wazi na kupasha moto mtaa mzima. Akahamisha vitufe, cha sebuleni akakipeleka nyuma na cha nyuma akakileta sebuleni. Chumba cha nyuma kikabaki na nne zake chini ya sifuri. Ndipo alipokwenda kufungua mlango.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Theluji ilianguka kutoka darini, nyembamba, bila haraka, juu ya godoro na juu ya sanduku la nguo. Muzdalifa alikaa kitandani na sweta mbili akichambua mchele, mawe akiyatenga upande huu na theluji upande ule.

"Mama Hasna, hii imeanza lini?"

"Mwaka juzi, dada. Siku shemeji aliposema pasipoti yangu atanihifadhia yeye."

"Na wewe hukusema."

"Nilisema. Nimeiomba mara tatu."

Hilo Hafidha alilijua. Muzdalifa alitoka Tanga kuja kuwapikia, na kwa mikono yake walikula watu arobaini kila siku, wafanyabiashara waliopita kuchukua chapati na pilau kabla ya kwenda kwenye maduka ya jumla ya Yide Lu au kupanda basi la Shiling kufuata mabegi. Marijani alimshughulikia viza kila mwaka, na pasipoti akaifungia kabatini, kwa usalama. Sasa Hasna, binti pekee wa Muzdalifa, alikuwa anaolewa Ijumaa ya pili ya Shaabani, na mama alitaka kuwapo.

"Mpe aende," Hafidha alimwambia mumewe jioni.

"Akienda harudi. Utakanda wewe chapati mia?"

Hafidha alimmiminia chai nyingine.

Wiki ya pili alifunga kidhibiti cha pili. Hiki kilizungumza. Kila asubuhi sauti ya mwanamke ilitangaza kwa Kichina, kwa upole, kwamba chumba cha nyuma ni sita chini ya sifuri. Hafidha alipandisha nyuzi hadi thelathini. Sebuleni wateja walivua makoti, siagi ikayeyuka mezani, na chumba cha nyuma hakikusogea. Kwa kuwa friji lilikuwa dogo, alianza kulaza nguru mle ndani, chini ya dirisha, na Marijani akapeleka soda zake. Wateja walichungulia wakasema afadhali, samaki hawataharibika.

Muthoni, aliyetumiwa video za majaribio, alituma ujumbe wa sauti. "Hafidha, hiyo ya pili inaongea sana, bana. Na ya kwanza pia ni mdaku. Mimi sitaki kitu ya kuniletea story ya kila room."

Alhamisi Marijani alikwenda ghalani. Hafidha alijua ufunguo wa akiba ulipo. Alifungua kabati na kuikuta pasipoti imegandia chini kwa barafu, akaibandua kwa kisu cha mkate, akaondoka nayo kupitia ukumbini, simu mkono wa pili. Kila hatua namba ya chumba cha nyuma ilipanda. Mbili chini ya sifuri. Sifuri. Nane. Mlangoni ilikuwa kumi na tisa, na ndani alisikia maji yakidondoka, kisha Muzdalifa akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kumtoa mwari.

Hafidha alisimama pale. Aliwafikiria wale watu arobaini, ambao nusu yao walinunua mizigo kupitia kwake kwa sababu ya chapati zile. Aliona haya, na haya zenyewe zilikuwa za kweli, zilimchoma shingo. Kisha akarudi kabatini. Namba ilishuka hatua kwa hatua kama ilivyopanda, na wimbo ukaishia katikati.

Kidhibiti cha tatu laoban alimwelekeza mwenyewe. Ukibonyeza jina la chumba kwa muda, simu inakuuliza kama unataka kukifuta. Hafidha alibonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Nyumba ikabaki na vyumba viwili, vyote nyuzi ishirini na nne.

"Hiki kina adabu," alisema Marijani, na kwa mara ya kwanza hakukishuku kitu.

"Hiyo ndiyo," alisema Muthoni. "Nitumie mia mbili."

Ijumaa ya pili ya Shaabani, Muzdalifa aliegemeza simu kwenye mtungi wa mchele chumbani kwake na kutazama ndoa ya binti yake. Kioo kiliganda mara kwa mara, akakifuta kwa ncha ya kanga. Kule Tanga waliuliza ni nini hizo nyeupe zinazomwangukia kichwani. Shangazi mmoja akasema ni asumini, wenzake wa Uchina wanamtunza mama wa bibi harusi, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Muzdalifa aliwapungia mkono. Ilipokwisha alitoka, akakung'uta kanga mlangoni ili asilowanishe sakafu, akaenda jikoni kukanda unga. Hafidha alikuwa sebuleni. Alitazama ukutani, na nyumba ilikuwa ishirini na nne.