Kamanda Ajifunza Kwenda Uani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye korido akifuta mkojo wa tatu wa siku hiyo. Alikuwa na tambara, ndoo na chupa ya siki, kwa sababu daktari wa mifugo alisema siki huondoa harufu, na mbwa akikosa harufu yake husahau mahali alipokosea. Kamanda alikaa pembeni akimsimamia. Alikuwa na umri wa wiki kumi na moja na uzito wa kilo moja na gramu mia mbili na arobaini. Hesabu hiyo ilikuwa ya uhakika, maana mume wa Fundi alikuwa mkaguzi wa mizani, na alimpima mwenyewe mara mbili.

Mbwa aliletwa ili kupooza mambo. Kwa miaka sita Fundi alikuwa akiomba chumba. Alishonea kwenye korido, kati ya mlango wa bafu na kabati la viatu, cherehani ikitazama ukuta, na kila aliyekwenda kuoga alimwomba asogee kidogo. Vitambaa alivikatia sakafuni, kiuno kikimuuma. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na mlango wa chumba cha mbele, chenye madirisha mawili na mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, na ndani ya chumba hicho hakukuwa na mtu. Kilikuwa cha shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo na ambaye angerudi wakati wowote. Kitanda chake kilibadilishwa shuka kila Ijumaa. Mkaguzi alisema angeongea na mama yake mwezi ujao, na alisema hivyo kila mwezi. Siku Fundi aliponuna kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni, Mkaguzi alitoka akarudi na mbwa wa aina ndogo, ile isiyomzidi paka hata ikizeeka. Fundi aliomba chumba, akaletewa wa kubanana naye kwenye korido.

Walifuata maelekezo ya daktari neno kwa neno. Mbwa atolewe nje akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Akikojoa nje asifiwe na kupewa kipande cha biskuti. Akikojoa ndani asipigwe.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema mama mkwe, ambaye kutwa alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, mahali pa kuona kila kitu. "Na huko kumsifu ndiko kutamharibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Huyu maji anayatia bila hata kusifiwa, Mama," alisema Fundi, akakamua tambara.

Kamanda alitolewa uani mara tisa kwa siku. Alinusa maua, alitazama mawingu, alibweka kidogo kwa ajili ya heshima yake, kisha akarudi ndani mkavu kama alivyotoka. Ndani ndipo alipofanya kazi. Na hakuwa na kona yake kama mbwa wengine. Alikojoa miguuni pa watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mara nyingi kuliko zote miguuni pa Fundi, hapo hapo chini ya cherehani.

Siku ya Jumanne alikuja mteja kuulizia gauni lake.

"Limebaki vifungo tu," alisema Fundi. Kitambaa cha gauni hilo kilikuwa bado kimekunjwa rafuni kama kilivyotoka dukani.

Kamanda aliinuka, akaja, akachuchumaa kando ya ndara ya Fundi.

"Pita kesho jioni, dada. Utalikuta limepigwa pasi."

Kamanda, aliyekuwa ndio kwanza amemaliza, alipata mengine kidogo.

Mteja alipoondoka, mama mkwe aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua. "Mkwe wangu, mbwa huyu si mgonjwa wala si mjinga. Anakojoa ukisema uongo."

Fundi alijibu kwamba yale hayakuwa uongo. Yalikuwa lugha ya kazi, na hakuna fundi duniani asiyeitumia. Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na sakafu ikabaki kavu.

"Ngoja," alisema mama mkwe. Alimgeukia mbwa. "Mimi nina miaka sitini na mbili." Kamanda akaja, akaacha kidimbwi mbele ya kiti. "Sitini na sita." Akaacha kingine. "Haya, sabini na moja." Kamanda alijilaza, akaweka kidevu juu ya miguu yake ya mbele.

"Basi ni hilo tu," alisema mama mkwe, akachukua ungo wake.

Fundi alimpigia simu daktari wa mifugo, ambaye alisema hali hiyo anaifahamu, ingawa huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa. Dawa yake hakuna. Mafunzo ni yale yale: wahini kumtoa nje, na msisahau biskuti.

Baada ya hapo maisha yalikuwa rahisi kidogo, kwa kuwa angalau walijua pa kuweka ndoo. Uongo mdogo, kama wa mtu kusema ameshiba, ulitoa tone la ukubwa wa kifungo cha shati. Siku jirani alipomsifia mama mkwe kwamba amenawiri, akimvisha kilemba cha ukoka, ilibidi zulia lianikwe. Mkaguzi aliporudi jioni na kusema mwezi ujao ataongea na mama, ndara zake zilielea.

Wiki moja baadaye alipiga simu Matroni, mkuu wa wauguzi katika zahanati mpya. Alitaka sare arobaini, na baada ya hapo sare nyingine kila mwaka. Fundi hakuwahi kupata kazi ya zaidi ya gauni sita za harusi moja. Matroni alikuja Alhamisi, mwanamke mrefu mwenye saa iliyobanwa kifuani, akasimama kwenye korido akiwa ameegemea kabati la viatu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Alishika pindo za shati alilokuta kwenye cherehani, akazigeuza, akaridhika.

"Unashona vizuri. Na meza ya kukatia iko wapi?"

Fundi alifungua mdomo aseme chumba kinapakwa rangi. Kamanda aliinua kichwa.

"Sina meza," alisema Fundi. "Nakatia hapa sakafuni. Chumba naomba, sijapewa."

Matroni alimtazama kwa huruma, huruma ya mtu mwenye ratiba. "Dada yangu, sare za wauguzi siwezi kuzikatia mlangoni pa bafu. Ukipata chumba kabla ya mwisho wa mwezi, kazi ni yako."

Jioni hiyo, wakiwa mezani wote watatu, Fundi alimweka Kamanda kwenye mkeka sakafuni, kando ya meza, akaeleza habari za Matroni, kisha akamuuliza mumewe kama chumba cha mbele atakipata au hatakipata.

"Mwezi ujao," alisema Mkaguzi. Kamanda akatoka kwenye mkeka, akachuchumaa. "Basi mwezi huu huu. Kabla ya tarehe ishirini." Maji yakafika mguu wa kiti cha mama yake.

Kazini mwanamume huyo alifungia duka zima kwa sababu ya gramu tano zilizopungua kwenye kilo ya sukari. Sasa alitazama sahani yake akitafuta mahali pa kujificha.

"Msimsumbue mwanangu," alisema mama mkwe. "Chumba kina mwenyewe. Kaka yake anarudi mwaka huu."

Kamanda hakusogea. Mama mkwe alisema alichokiamini, na mbwa hakuwa na neno naye. Fundi akaanza kuondoa sahani. Kama mtu kweli anarudi, atamnyang'anya vipi kitanda?

Jumapili shemeji alipiga simu kama kawaida yake, na simu iliwekwa kwenye kochi, sauti ikiwa juu ili wote wasikie.

"Mama, mwaka huu lazima nije. Imebaki tiketi tu."

Kamanda alijaribu kupanda kochi, akashindwa, akajaribu tena, akapanda. Aliisogelea simu, akaikojolea yote, mbele na nyuma. Sauti ya shemeji ikaendelea kusema anavyoikumbuka nyumba, ikiwa na mapovu.

Mama mkwe aliichukua simu, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitenge chake. Akaifuta muda mrefu, hata ilipokuwa imekauka.

"Mtandao leo ni mbaya," alisema.

Kamanda alishuka, akaenda miguuni pa mama mkwe, akachuchumaa.

Fundi alimwonea huruma mama yule kiasi cha kutaka kumshika mkono. Lakini pia aliwaza, na hakujivunia kuwaza hivyo, kwamba sasa kila kitu kiko wazi na chumba ni chake. Alipima mlango kwa utepe kuona kama meza ya kukatia itapita. Ingepita. Akasubiri aambiwe. Ijumaa ilipofika, mama mkwe aliingia chumba cha mbele na shuka safi mkononi, akatandika.

Jioni ya siku hiyo Fundi alimuuliza mumewe tena. Mkaguzi alimtazama mbwa. Alisema anatoka kupunga upepo kidogo. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kwenda uani ilikuwa hatua kumi na moja. Alipofika kwenye nyasi, aligeuka, akasema kupitia dirishani, "Mwezi ujao, mke wangu. Neno langu." Kamanda alikwishamfuata mbio, akachuchumaa kando ya viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe akakojoa nje. Mkaguzi alimsifu sana. Alimpa biskuti nzima.

Baada ya hapo mambo yalinyooka yenyewe. Mama mkwe alianza kupokelea simu za Jumapili karibu na kamba ya kuanikia nguo, kisha akaingia ndani akiwa amepoa, hataki kuulizwa. Jirani aliombwa asalimie akiwa langoni. Fundi naye, wateja wakija kuulizia nguo, aliwaongoza hadi kwenye nyasi na kuwaambia huko kwamba vimebaki vifungo. Zulia lilikauka. Siki iliisha, wala hakuna aliyenunua nyingine. Kufikia wiki ya tatu, Kamanda alikuwa akimwona mtu anasafisha koo tu, anatangulia mlangoni na kukwaruza afunguliwe.

Tarehe thelathini Matroni alipiga simu. Sare arobaini alimpa fundi mwingine, mtaa wa pili, mwenye meza mbili. Alisema anasikitika, na Kamanda, aliyelala chini ya cherehani, hakuamka.

Fundi alikaa kwenye korido bila kukanyaga pedali. Roho ilimuuma hasa, kwa miaka sita yote kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe, kisha Mkaguzi, walipita kwenda kuoga wakamwomba asogee, naye akasogea. Mkaguzi alipotoka bafuni, taulo begani, alimwona jinsi alivyokaa.

"Umekasirika?"

Fundi alifungua mdomo. Kamanda alikuwa amekwishaamka, amesimama mlangoni, anamtazama. Fundi aliweka mkasi chini, akainuka, akampita mumewe, akampita mama mkwe kwenye kiti chake, akatembea hatua zote kumi na moja. Alisimama katikati ya nyasi, ameielekea nyumba.

"Hapana, mume wangu," alisema. "Sijakasirika hata kidogo."

Kamanda alichuchumaa kando yake na kukojoa, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka maji yakapata njia kwenye nyasi na kuanza kuteremka kuelekea langoni. Mama mkwe alinyoosha shingo pale alipokaa, akaona, akasema mbwa sasa amefuzu. Mkaguzi alikwenda jikoni kuleta biskuti.