Kisu Chenye Goti

Mpaka leo wapo wanaoniuliza kama kisu cha Chui kilistahili bei yake. Huwajibu kwamba ni kisu kizuri. Chuma chake ni cheupe na hakishiki kutu, mpini wake ni wa mfupa wenye rangi ya asali, na karibu na bawaba pamechorwa chui mdogo anayeruka. Kinakata tumbaku, kinachonga penseli, kinamenya viazi bila kupoteza nyama ya kiazi. Mume wangu Issa alikinunua katika duka la Mhindi kule Lushoto, mwaka wa pili wa amri ya serikali ya Wazungu kwamba kila mtu achimbe matuta shambani mwake, siku kumi kabla ya harusi ya binti yetu Zainabu, na akakilipia kwa mbuzi wangu wawili.

Aliyemtia wazimu huo alikuwa Danieli, karani wa misitu, aliyetembea na chake kiunoni kwa mnyororo. Danieli alisema bwana wake Mzungu hunyolea ndevu kisu hicho, hukatia nyama, hupasulia vijiti vya moto, na hajakinoa hata mara moja kwa miaka saba. Vijana wa kwetu, huku juu ya Bumbuli, walitembea kutwa nzima ili wakatazame visu vya Chui nyuma ya kioo cha duka, kisha wakarudi wakisimulia kana kwamba wametoka kuhiji.

"Mwenye duka ameniambia ni cha mfukoni, cha kazi ndogo ndogo," Issa alisema jioni aliyorudi nacho, akicheka. "Masikini, hata hajui anachouza."

Watu walikuwa wamejaa uani kwetu. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, nacho kikalia ka, ka, mfano wa mtu avunjaye vidole vyake. Mwanamume mmoja akamwomba aonyeshe makali. Issa akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kukata, macho yake yakaniangukia mimi, niliyekuwa nimebeba mtungi wa maji kichwani na mikono yangu yote miwili iko juu.

Nilikuwa nimejifunga kanga mpya. Kaka yangu Rajabu, mhunzi, ndiye aliyeninunulia doti ile ili mama wa bibi arusi asisimame mbele ya wakwe na nguo iliyochakaa. Issa akaushika upindo, akapitisha kisu kutoka gotini hadi chini. Sikusikia hata sauti ya nguo kupasuka, kwa jinsi kilivyokuwa kikali.

"Umeona, Mama Zainabu? Hata hukujua!"

Walicheka. Danieli alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nikautua mtungi taratibu, maana maji yale yalikuwa ya kupikia.

Ni lazima nieleze habari za dume la ng'ombe, kwa sababu ndilo lililokuwa harusi yenyewe. Kwetu milimani ng'ombe hatembei kutafuta malisho. Hukaa zizini ndani ya nyumba, na majani humfuata kichwani mwa mwanamke. Dume lile nililitunza tangu likiwa ndama, nikalikatia majani miaka mitatu. Amri ya matuta ilipotoka nilichimba matuta asubuhi kwa hofu ya jumbe, na mchana nikashuka bondeni kutafuta majani yaliyosalia. Kijijini kwetu wakwe wanapokuja kumchukua binti, hula nyama iliyotoka katika zizi la wazazi wake. Binti anayechukuliwa bila nyama hiyo huonekana kama aliyeokotwa njiani, na wanawake wa kule aendako hawaachi kumkumbusha. Zainabu alilijua jambo hilo. Kila jioni katika mwaka ule wa mwisho alilipapasa dume shingoni akaniuliza, "Mama, linatosha?"

Siku tatu kabla ya harusi nilimsikia Issa akimwambia Mwalimu Saidi kwamba atachinja yeye mwenyewe, kwa kisu cha Chui. Mwalimu Saidi ndiye aliyewafundisha watoto wetu Kurani, na ndiye aliyechinja kwa ajili ya kijiji kizima. Hata jirani zetu Walutheri walimwita kwenye sherehe zao ili kila mgeni aweze kula.

"Kuchinja si kazi ya kujaribia kisu," Mwalimu alisema. "Nije na changu."

"Njoo na dua tu, Mwalimu. Siku hiyo kisu ni kimoja."

Usiku nilimwambia mume wangu kwa adabu niliyofundishwa, "Baba Zainabu, kisu hicho kina goti. Chenye goti hupiga magoti. Tumia kile cha pembe."

Kile cha pembe alikifua Rajabu kwa springi ya lori, akakitia mpini wa pembe ya ng'ombe. Hakikuwa na sura, lakini chuma chake kilipita ndani ya mpini hadi mwisho. Issa alikichomoa ukutani, akakitupa miguuni pangu.

"Kaka yako anakuvika, kaka yako anakufulia visu, labda pia amekuoa? Kiondoe hiki. Siku ya harusi nisikione mbele ya wageni, nisikisikie, wala asikiguse mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nikakipandisha darini juu ya jiko, nyuma ya masuke ya mahindi, mahali ambapo mkono wangu ungefika bila hata kutumia kigoda.

Asubuhi ya harusi wakwe walifika kutoka Mgwashi wakiimba, na mbele yao Bi Rehema, shangazi wa bwana arusi, mwanamke mrefu aliyetazama kila kitu kama anayetaka kukinunua kwa bei ya chini. Tuliamkiana kwa heshima zote. Akaitazama kanga yangu, mahali nilipoishona kwa uzi mweupe kwa kukosa mwingine.

"Panya wa huku ni wakubwa," alisema.

Dume likatolewa nje. Lilikuwa halijaona jua mara nyingi, likafumba macho. Wanaume sita walilifunga miguu, wakalilaza kwa ubavu ukingoni mwa ua, mahali ambapo matuta mapya yalianzia kushuka moja chini ya jingine hadi mtoni. Mimi nilisimama katika mlango wa jiko. Issa alivaa kanzu na koti. Akakitoa kisu mfukoni, akakikunjua kwa sauti ile yake ili kila mtu asikie, na wageni wakanyoosha shingo.

"Ndicho hicho?" aliuliza Mmgwashi mmoja.

"Ndicho," alijibu Danieli, kwa fahari ya mtu aliyekitengeneza.

Issa akataja jina la Mungu, akakata. Kisu kiliingia vizuri, sitasema uongo. Lakini shingo ya dume si kanga. Lilirusha kichwa, mgongo wa kisu ukagonga taya, nacho kikapiga goti. Kikajifunga juu ya vidole vya mume wangu. Alipiga kelele nyembamba, kama ya mwanamke, na kitu hicho walikikumbuka kuliko damu yote iliyofuata.

Dume lilikuwa limekatwa nusu, likikoroma, bado limeshikwa.

"Kisu!" Mwalimu Saidi alipaza sauti. "Kisu kingine upesi, tumalizie! Bado ni halali, leteni!"

Wanaume wakatazamana. Mapanga yaliyokuwapo yalikuwa yamepasulia kuni tangu alfajiri, na Mwalimu alipojaribu ukali wa moja kwa kidole alilitupa. Hakuna aliyekuja na kisu, kwa maana mwenye harusi alikuwa amekataza.

"Mama Zainabu!" Issa aliita. Alikuwa amepiga magoti, mkono uko kifuani, kanzu imekuwa nyekundu. "Kile cha pembe! Kilete!"

Kutoka mlangoni nilipokuwa hadi chini ya dari palikuwa na hatua nne. Nilizijua, kwa kuwa nimezipiga miaka ishirini. Nikamtazama akiwa chini pale, naye akinitazama, na mkono wangu ulikuwa umeshika upindo wa kanga mahali penye uzi mweupe.

"Uliniambia kisionekane mbele ya wageni," nilimjibu.

Sikulisema kwa sauti kubwa. Pumzi tatu zilipita, labda nne. Katika pumzi ya nne nilimwona Zainabu kwenye dirisha la chumba cha bibi arusi, hina mikononi, na ndipo nikageuka na kukimbia. Nilipotoka na kisu dume lilikuwa limekwisha kata kamba ya miguu ya nyuma. Liliinuka pamoja na wanaume wawili, likawakung'uta, likaenda hatua tatu kama mlevi, likaanguka tuta la kwanza, likaanguka la pili. Tuliihesabu mishindo yake hadi chini. Tuta la mwisho, nililolichimba mwenyewe, ndilo lililolivunja shingo.

Mwalimu Saidi aliteremka, akakaa kitambo kirefu, akapanda akiwa amechoka.

"Limekufa kwa kuanguka," alisema. "Ni kibudu. Hapana atakayekula."

Masufuria ya wali yalisikika yakichemka. Kisha mtu mmoja akacheka, na waliobaki wakafuata.

"Danieli," mzee mmoja aliuliza, "hukusema bwana wako hukatia nyama?"

"Nyama ya sahani," alisema Danieli, akikifunika chake kwa koti. "Mimi changu nachongea penseli tu."

Bi Rehema hakucheka. Alikula wali kwa maharage, akanawa, akasimama.

"Tumekuja kula harusi, tumelishwa maharage na kilio cha mwanamume," alisema. "Haya, mtoeni huyo msichana, twende na kilicho hai. Au naye tumfunge miguu kwanza, asije akatuangukia bondeni?"

Walimchukua kabla ya adhuhuri. Hawakuimba. Zainabu alipita mbele yangu akiwa amefunikwa, nami nikaona ushungi ukitikisika mahali pa mdomo. Nyuma yetu mbwa wa kijiji walikuwa wamekwisha shuka mtoni.

Vidole vitatu vya Issa vilishonwa katika hospitali ya Bumbuli, vikapona, lakini havikunyooka tena. Kisu hakukitupa. Anaketi nacho barazani, na mtu akimwuliza kama kinafaa hujibu kwamba hakijanolewa tangu siku alipokinunua. Tatizo ni kwamba hawezi kukikunjua kwa vidole vile. Hunipa mimi. Nami humkunjulia, polepole, ili apate kuisikia ile sauti.

Zainabu alikaa mwaka na nusu bila kuja. Alikuja na mtoto mgongoni, akaniamkia, akamwamkia baba yake, akaingia jikoni kunisaidia. Alitafuta cha kukatia kitunguu. Kisu cha pembe kilikuwa kimerudi ukutani kwa muda mrefu. Akakishika, akakigeuza.

"Siku ile kilikuwa wapi hiki?"

Ningeweza kumwambia kilikuwa kwa mjomba wake. Nilikuwa nimeandaa jibu hilo kwa miezi kumi na minane.

"Pale," nikasema, nikamwonyesha dari.

Akapima kwa macho kutoka darini hadi mlangoni.

"Na wewe ulikuwa wapi, mama?"

"Mlangoni."

Alikiweka kisu juu ya kitunguu ambacho hakijakatwa, akamfunga mtoto mgongoni upya, akikaza kanga kwa nguvu hata mtoto akalia.

"Kule Mgwashi hawaniiti Zainabu," alisema. "Mama mkwe akitaka maji husema, Kibudu, lete maji. Siku zote nilidhani jina hilo nilipewa na baba."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akashuka kwa njia ya matuta. Ugali ulikuwa bado haujaiva. Barazani Issa aliita kwamba nimfungulie kisu chake.