Gari Lililobebwa Mgongoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepeleka gari shule.

Sikushangaa. Kwenye ndoto hushangai, unachoka tu. Nilikuwa nimelishika kitasa cha mlango, kama unavyomshika mkono mtoto wa darasa la kwanza, nalo linanifuata taratibu kwenye umande, tumbo linaburuza chini. Kiti cha nyuma amekaa binti yangu Salha na godoro lake, ndoo yake na sanduku lake la bati. Amevaa sare nyeupe ya uuguzi, na chuo chenyewe hata hajakitia mguu.

"Mama, tutafika?" ananiuliza.

"Tutafika. Wakishalikagua tu."

Ngoja nieleze kwanza, maana mwingine atasoma asielewe. Gari lenyewe ni la kweli. Ni dogo, jeupe, aliliacha marehemu mume wangu, na ukiondoa nyumba hakuacha kingine. Salha amepata nafasi chuo cha uuguzi, safari ya kutwa nzima kutoka hapa kwetu Muheza, tukakubaliana gari liuzwe ili aende. Bwana Nyange mwenye duka la vitambaa akasema atakuja kuliona Jumamosi baada ya adhuhuri, yeye na fundi wake. Jumamosi yenyewe ni leo.

Sasa, tangu tukubaliane, mwanangu mkubwa Twalibu amekuwa akilipamba. Alianza na rimu za kung'aa. Kesho yake akaweka springi fupi, gari likakaa chini kama kuku aliyenyeshewa. Halafu likaja bomba la moshi la kunguruma, hadi jirani mwenye mtoto mchanga akaja kuniuliza, dada, huko kwenu kuna nini. Juzi kabadili usukani na redio, kabandika karatasi nyeusi vioo vyote na kujaza spika kwenye buti. Kila kibarua anachopata kinaishia humo.

"Mama, hapo bei inapanda," ananiambia. "Mtu akiliona tu, kachanganyikiwa."

"Na vile vya zamani viko wapi?"

"Nimemwachia fundi. Tumebadilishana."

Mimi shule yangu ni darasa la saba. Mambo ya magari siyajui. Ninachojua ni kwamba dalali wa mtaani kwetu, Mzee Chambo, akitaka kulisifia gari hasemi lina mbio wala lina muziki. Anasema neno moja tu: halijachezewa, yaani vyake vyote ni vya tangu mwanzo. Neno hilo lilikuwa linanizunguka kichwani, nikalala nalo. Ndipo nikaota hivi ninavyoandika. Naandika kwa ajili ya mama yeyote mwenye gari la kuuza na kijana wa kiume ndani ya nyumba moja.

Basi, tukafika. Shule ilikuwa ile ile niliyosoma mimi, na ufa wake ule ule ukutani. Uwanjani magari yamepanga mistari, mafupi mbele, marefu nyuma, yamenyoosha vioo vya pembeni ili kupima nafasi.

Mwalimu wa zamu alikuwa jeki. Jeki ya kawaida ya kuinulia gari, ila amevaa tai. Akikasirika anapanda juu, akitulia anashuka.

"Shikamoo mwalimu!" Honi zote kwa pamoja.

"Marahaba. Tunaanza ukaguzi."

Mliosoma shule zetu mnaukumbuka ule ukaguzi wa asubuhi: kucha, nywele, kola, na nani kavaa hereni. Mimi, mtu mzima, nikajikuta nimeficha vidole nyuma.

Jirani yetu mstarini lilikuwa pikapu la rangi ya kahawia, kuukuu, mlango umeliwa na kutu. Mwalimu akaingia chini yake, akatoka.

"Umezeeka," akaliambia.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kioo chako kina ufa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini ni wewe?"

"Ni mimi."

"Pita."

Pikapu likapita, linakohoa. Likaja zamu yetu.

"Jina?"

"Ni gari la marehemu Baba Twalibu," nikajibu.

"Mzazi, sikukuuliza wewe." Jeki akaligeukia gari. "Jina?"

Gari likainamisha taa. "Sina hakika tena, mwalimu."

Jeki akapanda kidogo. Akasema tuite mahudhurio, kiungo kimoja kimoja.

"Rimu!"

"Tupo, bosi!" Zile rimu mpya zikameta, hadi magari ya mstari wa mbele yakageuka.

"Sikuwaita nyinyi. Nyinyi ni wageni. Nawaita wenyewe. Rimu!"

Kunguru akapita juu.

"Hawapo," akasema jeki.

Hapo ndipo gari likanywea. Halikubonyea wala halikuvunjika. Lilipungua tu, kama sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto. Ndani Salha akajikunja, akaitoa ndoo yake dirishani.

"Mama, ndoo haienei."

"Iweke chini, mwanangu, tutaichukua."

"Springi!"

Springi fupi zikajitahidi kusimama kwa vidole. "Tupo!"

"Nyinyi pia sikuwaita. Mnajua anayekuja kununua akiwaona anajiuliza nini?"

"Anajiuliza sisi ni wa wapi, jinsi tulivyo wazuri."

"Anajiuliza gari hili lilikuwa linakimbizwa kwenda wapi, na liligonga nini njiani."

Springi zikatazamana. Gari likapungua tena. Godoro likatolewa.

"Bomba la moshi!"

"NIPOOOO!"

Chaki zikaanguka madarasani. Watoto wa darasa la kwanza, ambao walikuwa pikipiki, wakaanza kulia.

"Mwalimu," bomba likasema, limejivuna, "hata sauti hunisifu?"

"Sauti ni nzuri. Aliyeitaka ni nani?"

"Twalibu."

"Twalibu ndiye mnunuzi?"

Bomba likanyamaza. Tangu lifike nyumbani kwetu, ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likinyamaza. Sanduku la bati likatolewa dirishani. Dirisha lenyewe sasa lilikuwa dogo, ikabidi lipitishwe kwa ubavu.

Nikaona niseme. "Mwalimu, samahani. Lakini si vimeongezwa? Kama vimeongezwa, gari si limezidi?"

"Mzazi, mwanao akija shule na hereni, mkufu na viatu vya arusi, nimhesabu kahudhuria mara mbili?"

"Hapana, mwalimu."

"Na akija na hivyo vyote, ila kichwa kakiacha nyumbani?"

Miguu ilikuwa inaniuma. Niliomba kiti, nikaambiwa viti vimo kwenye mtihani.

Namtafuta Twalibu, namwona. Amesimama na wanafunzi, ndevu zake vile vile, kavaa kaptula ya kaki, anatabasamu.

"Mama, unaona wanavyolitazama?"

"Nawaona, baba. Lakini mbona hakuna aliyenyoosha mkono kusema analitaka?"

Akageuka kuhesabu mikono. Hakukuwa na wa kwanza.

Jeki akaendelea kuita. Akaita usukani, akaita vioo, akaita redio ndogo ya zamani, ile aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari marehemu. Kila alipoita waliitika wageni, na kila walipoitika gari lilipungua. Mwisho Salha magoti yalikuwa yamefika kidevuni.

"Mama, miguu haienei."

Mlango ulikuwa kama kifuniko cha sufuria. Akatoka kwa shida, akajikung'uta ile sare nyeupe, akasimama juani katikati ya ndoo, godoro na sanduku.

"Basi mama, nitasubiri," akasema. "Mwaka huu au mwakani, si ni hivyo hivyo."

Hakulia. Afadhali angelia.

Gari sasa lilikuwa kama mkate. Lilikuwa linatetemeka. Ningefanya nini? Nikaliokota, nikaliweka mgongoni, nikalifunga kwa kanga. Lilikuwa la moto, kama mtoto mwenye homa, na injini yake ilipiga palepale chini ya shingo yangu.

"Mzazi, unakwenda wapi? Ukaguzi haujaisha."

"Nakwenda kuwatafuta waliokosekana."

"Walikuwa wapi tangu asubuhi?"

"Wako kwa fundi."

"Nani kasema?"

"Twalibu."

Jeki akashuka hadi chini kabisa, akawa mfupi kama kopo. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenionea huruma, "Wahi, mzazi. Mgeni wenu mnunuzi akifika nitamsomea waliopo tu."

Pembeni ya uwanja kuna mwarobaini, na kwenye mwarobaini imening'inia kengele. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori, mnajua, ile inayogongwa kwa chuma. Nilipopita chini yake ikasema:

"Mama, unawatafuta wenyewe?"

"Ndiyo."

"Mimi nilitolewa kwa siku moja tu. Mwenye lori alitaka kujaribu nyingine, akaahidi kunirudisha Jumapili. Halafu akapata mteja. Mteja akauliza, za kwake ziko wapi? Akaambiwa, za nini hizo, hizi si nzuri zaidi? Mteja akasema ngoja nikatafakari. Mpaka leo anatafakari."

"Pole."

"Nimeshapoa. Nagongwa asubuhi, nagongwa wakati wa uji." Ikayumba kidogo. "Wako hawako kwa fundi. Sikiliza."

Ikajigonga yenyewe, polepole. Ting. Nyuma ya darasa la tano kitu kikaitika. Ting.

Nikazunguka darasa la tano, nikajikuta uani kwangu, mbele ya banda la kuku. Sikuuliza nimefikaje. Kanga inalegea, naikaza.

Mlangoni mwa banda amelala mtetea wangu mwekundu, amejitanua, amekuwa mkubwa kama gunia la mkaa.

"Umelalia nini?" namuuliza.

"Hilo siulizwi."

"Nyanyuka."

"Nimekabidhiwa. Kijana kaniambia, lolote litakalotokea usimwambie mama."

"Sasa mama mwenyewe si ndiye mimi?"

Kuku akafikiri, kwa jicho moja, halafu kwa jingine. "Basi ahadi imeshavunjika," akasema, akanyanyuka.

Chini yake walikuwamo wote. Rimu za chuma, za kawaida, zimepangwa vizuri. Bomba la zamani limelala kwa ubavu. Usukani, na ile redio. Na springi, ndefu, zimesimamishwa juu ya gunia, bado zina grisi yake.

"Mayai nayatagia humu ndani ya springi," kuku akaeleza. "Hayaviringiki."

"Nyinyi," nikawaambia, "mbona mmeitwa hamkuitika?"

"Tuliitika, mama," zikasema springi. "Lakini tumelaliwa. Sauti haitoki."

"Haya, ingieni, twendeni."

Wakalitazama lile gari mgongoni kwangu. "Hatuenei. Mpaka liwe kubwa."

"Litakuwaje kubwa?"

"Tukiingia."

Nikakaa chini pale pale kwenye kinyesi cha kuku. Nilikuwa nimechoka, wallahi, uchovu wa mtu aliyezungushwa ofisi hadi ofisi. Gari linapumua shingoni. Kwa mbali namwona Salha bado amesimama juani, amekuwa mdogo kama pini, na jeki anapiga kelele kwamba mgeni anaingia getini. Kengele inagongwa. Ting. Ting. Ting.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Salha alikuwa anasugua sufuria, na kijiko kinagonga ukingo. Sanduku lake la bati lilikuwa pale pale ukutani, limefungwa tangu juma lililopita. Nikakaa kitandani nikijipapasa mgongo. Hapakuwa na kitu.

"Umeamkaje, mama? Njoo uone hili yai," akaniita.

"Limefanya nini?"

"Nimelikuta mlangoni mwa banda, limeviringika nje. Tazama."

Lilikuwa yai la kawaida, la yule mtetea mwekundu. Ila lilikuwa na mstari mweusi, mwembamba, umelizunguka mviringo, kisha mwingine chini yake, sambamba. Nikaupitishia kidole. Ukanipaka. Nikanusa. Grisi.

Nikaliweka yai kwenye bakuli, taratibu, nikatoka nje na kanga yangu. Twalibu amechuchumaa kando ya gari, anazing'arisha rimu zake kwa kitambaa, kwa ajili ya Bwana Nyange.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hivi yule mtetea siku hizi anatagia wapi?"

Kitambaa kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Kuku mwenyewe."

Akanitazama aone kama natania. Sikuwa natania. Akatazama chini.

"Ungejua vipo, ungesema nivirudishe."

"Ndiyo."

"Mama, lakini hivi vinapendeza."

"Vinapendeza, baba. Vitoe uvifunge vizuri, utaviweka kwenye gari lako siku utakayopata lako. Hili linampeleka dada yako chuo. Kalete spana."

Akakikunja kile kitambaa. Halafu akainuka, akaenda bandani, nikamsikia akibishana na kuku. Alirudi na springi begani, na mkono wa pili kashika jeki. Akaisukuma chini ya gari, akaanza kuzungusha. Ikapanda kidogo kidogo, na gari likapanda nayo.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Lilinitoka tu. Twalibu akaacha kuzungusha. Salha akachungulia mlangoni, mikono ina povu.

"Mama, mgeni ameshafika?"

"Bado," nikamwambia. "Bado tunaita majina."