Anwani ya Usingizi Mzito

Mwalimu aliliburuta godoro mpaka mlangoni pa karakana, akaliachia likaanguka kama mtu aliyezimia.

"Mama, hii ni kazi yako?"

Bibi Godoro, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alivaa miwani kwanza. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kutazama. Lebo ya ubavuni iliandikwa Usingizi Mzito. Jina hilo alilisajili yeye kuwa alama yake ya biashara miaka kumi na minne iliyopita, na cheti chake kilining'inia ukutani juu ya cherehani.

"Ulilinunua wapi?"

"Kwako! Niliandika jina la magodoro yako kwenye simu, ikaja tovuti yako, nikaagiza. Sasa mwanangu ana vipele mgongo mzima."

Bibi Godoro hakuwa na tovuti. Alichukua mkasi, akapasua kitambaa katikati.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Juu palikuwa na pamba ya unene wa kidole, ya kuzugia macho tu. Chini yake matambara, nywele za saluni zilizosokotana na mafuta, kisha bandeji zilizotumika, zimekauka, zina madoa ya kahawia na ganda la usaha. Binti yake alitoka mbio kwenda kutapika nje. Mwalimu aliziba pua kwa ukosi wa shati. Bibi Godoro alibaki ameinama, mkono umo ndani, anachambua kipande baada ya kipande, na mate yanamjaa mdomoni. Alitaka kuona yote kabla hajasema neno.

"Si langu," alisema mwishowe. "Lakini nitakushonea jingine."

Wiki hiyohiyo binti, ambaye ndiye aliyeshika makaratasi ya karakana, alipeleka malalamiko kwa wasuluhishi wa migogoro ya anwani za mtandao. Wenye tovuti wakajibu kupitia wakili, kwa jina la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Binti akasoma kwa sauti huku amekaa juu ya robota la pamba.

"Wanasema usingizi mzito ni maneno ya kila mtu. Wanasema hawajawahi kukusikia wala kukuona."

"Basi tumeshindwa?"

"Bado. Msuluhishi anataka mambo matatu. Anwani ifanane na alama yako: inafanana. Wao wasiwe na haki na hilo jina: hawana. La tatu ndilo gumu. Tuonyeshe walilisajili kwa nia mbaya. Yaani walikujua, wakakunyemelea."

"Na wao wanasema hawanijui."

"Watasema nini kingine, mama? Wakushukuru?"

Bibi Godoro alikwenda uani, akalifunua lile godoro turubai. Safari hii hakuangalia ndani. Aliangalia pembe, moja moja, zote nne, akarudia.

Yeye ni mtu wa mkono wa kushoto. Mshono wake wa pembe hulalia upande ambao mshono wa mafundi wengine haulalii. Mshono wa godoro lile nao ulilala hivyohivyo. Alikuwepo mtu mmoja tu mwingine wa kushona namna ile: mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Yule alikuwa wa mkono wa kulia. Alikula kwa kulia, aliandika kwa kulia, lakini sindano aliishika kwa kushoto, kwa sababu alijifunza kwa kumwangalia dadake mkono kwa mkono, na hakuna aliyemwambia ageuze. Miaka mitatu iliyopita aliaga karakana, akasema anakwenda kujaribu bahati.

Akamwita. Alikuja ananukia manukato, shati limenyooka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingiza mkono humo."

"Humo wapi?"

"Humo ulimoshona."

Akacheka. "Dada bwana! Hata sijakaa." Kisha akaziona pembe zimefunuliwa, akaacha kucheka, akavuta kigoda. "Sikiliza. Mtandaoni wewe hukuwepo. Kiti kilikuwa kitupu, nimekaa. Nani kaibiwa hapo?"

"Na bandeji?"

"Kuna jamaa ananiletea magunia. Mimi sichungulii. Watu wanataka bei ya chini, dada. Nani anapasua godoro lake aone ndani? Labda wewe."

"Kuna mtoto ana vipele."

"Nitabadilisha pamba, basi. Wewe ondoa malalamiko. Ubaki na mtaa wako, mimi nibaki na mtandao wangu. Ndugu hatuanikani kwa watu."

Bibi Godoro alitazama mikono ya mdogo wake. Ilikuwa safi. Kucha zimekatwa vizuri.

"Ulikuwa unavaa glavu?"

"Eh, dada! Bila glavu ningeugua."

Bandeji alizishika kwa mkono mtupu na akavumilia. Jibu hili halikuvumilika. Alimwonyesha mdogo wake mlango, bila kelele.

Walipeleka kwa msuluhishi picha za pembe mbili, ya godoro lake na ya lile bandia, zikiwa sambamba, na maelezo aliyoyaandika Bibi Godoro kwa mkono wake mwenyewe: "Aliyeshona ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimfundisha mimi." Binti alimuuliza kama ana uhakika. Alijibu kwa kutia sahihi. Kampuni ilipewa siku za kujibu, haikujibu. Mdogo wake alipiga simu mara moja tu, akasema, "Umenivua nguo," akakata.

Anwani ikahamishiwa kwao. Binti alifuta picha zote, akaacha mstari mmoja: aliyenunua godoro kupitia hapa alilete, litachomwa, na atashonewa jingine.

Magodoro yakaja. Bibi Godoro alipasua kila moja kwa mkono wake, na kila moja lilimtia kichefuchefu upya, kama vile ndilo la kwanza. Siku ya nne dereva wa lori alishusha lake. Alipolipasua, pamba nyeupe ikafumuka, safi, kavu.

"Hili ni langu kweli," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Nililishona mwenyewe, halikutoka mtandaoni. Nitakushonea nilipopasua, ukalilalie."

Dereva aliitazama pamba, kisha yale mengine yaliyorundikwa.

"Samahani, mama. Mke wangu akiliona tu hilo jina anaanza kujikuna. Lichome na hayo mengine."

"Lakini ni zima. Shika uone."

Dereva alirudisha mikono nyuma.

Binti alitaka kubishana. Mama yake alimtikisia kichwa. Walilishika pembe kwa pembe, wakalipandisha juu ya rundo.